Kuumba na Kuumbua: Papa wa Velázquez na Papa wa Bacon

Kuumbua ni kinyume cha kuumba, na tena ni kumwaibisha mtu mbele ya macho ya watu. Maana zote mbili zamfaa atazamaye picha ya Papa aliyoichora Francis Bacon mwaka 1953, kwa kufuata ile ya Papa Inosenti wa Kumi iliyochorwa na Diego Velázquez mjini Roma mwaka 1650.

Wako wasemao kwamba Bacon aliharibu kazi njema ya mwenziwe. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Picha ya Velázquez yenyewe si ya upole: mzee ameketi katika mavazi mekundu, midomo kaifumba, na macho yake yamkagua mtazamaji kama kadhi amkaguavyo shahidi asiyemwamini. Ukali umo tayari, ila umefunikwa na adabu ya cheo. Bacon aliifumbua midomo. Kinywa kile hakukipata Roma, bali katika filamu ya Sergei Eisenstein ya mwaka 1925 ihusuyo manowari Potemkin, ambamo mwanamke mwenye miwani iliyovunjika apiga ukelele, damu ikimtiririka usoni. Wekundu ukageuka zambarau, na mistari ya rangi ikashuka juu ya mwili wote mfano wa pazia.

Lakini kiti kimebaki, na mkao wa enzi umebaki. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi hii. Apigaye ukelele sokoni huulizwa ana nini. Apigaye ukelele juu ya kiti cha enzi, nani atathubutu kumwuliza? Kiti kingaliondolewa, ingalisalia sura mbaya tu, na sura mbaya kila mwanafunzi wa uchoraji aweza kuichora.

Bacon alifuata nakala zilizopigwa chapa. Hata alipofika Roma mwaka 1954 hakwenda kuitazama picha ya asili. Yamkini aliyahofu macho yale, kwani ndiyo yaliyomponyoka: Papa wake ateseka, wala hamkagui mtu. Aliwarudia mapapa hao kwa miaka mingi, na baadaye alisema anazijutia picha hizo. Kwa nyingi katika hizo, majuto yana haki, maana ukelele umekwisha kuwa mazoea ya mkono. Kwa ile ya 1953 alijidhulumu.