Boneti ya Kaboni Inayostahiki Barabara: Namna ya Kuitambua

Katika vitu ambavyo mwenye gari huvinunua kwa jicho kabla ya kuvinunua kwa akili, boneti ya nyuzi za kaboni haina mshindani, maana weusi wake wenye mng'ao wa kina, na mistari yake ya mshazari inayogeuka rangi kila mwanga unapohama, huwateka hata watu ambao kwa mambo mengine ni wazito wa kutoa fedha. Masoko yamejaa boneti, buti, madigadi na vioo vya pembeni vilivyovikwa kitambaa cha nyuzi hizo, na bei zake zina hitilafu kubwa kiasi cha kumtatiza mgeni, kwa kuwa vipande viwili ambavyo pichani haviachani hata chembe, kimoja huweza kugharimu mara kadhaa ya mwenzake. Aghalabu watu hudhani kwamba tofauti hiyo ni ya jina la mwundaji na majivuno ya mnunuzi. Rai yangu ni nyingine: maswali ambayo mkaguzi wa serikali huyauliza kabla ya kukiruhusu kipande hicho kuingia barabarani ndiyo maswali yale yale ambayo mjuzi wa kazi ya mikono angepaswa kuyauliza, hata kama hakuna sheria duniani, na kipande kilichoshindwa kupata hati mara nyingi kimeshindwa pia katika ufundi. Nitachukua mfano wa Ujerumani, kwa sababu huko jambo hili limeandikwa kwa ukamilifu usiopatikana katika nchi nyingi, na kwa sababu mafundi na wakaguzi wa huko wamebishana juu yake muda mrefu hata hoja zote zimekwisha kuwa bayana.

Kazi huanzia kwenye uzi. Uzi mmoja wa kaboni utumiwao katika vitambaa vya magari aghalabu ni mkusanyo wa nyuzi 3,000 zilizo nyembamba kuliko unywele, na kitambaa hufumwa kwa mtande na mshindio kama kitambaa chochote kingine, kila uzi ukipita juu ya mbili na chini ya mbili ili kutoa ule mshazari unaopendwa. Kitambaa hulazwa katika kalibu na kushikwa na gundi ya epoksi, na hapo njia huachana. Katika njia ya kwanza fundi hupaka gundi kwa brashi na kuiacha ikauke yenyewe. Katika ya pili kalibu hufunikwa kwa mfuko, hewa ikatolewa, na ombwe likaivuta gundi ipite ndani ya kitambaa kwa kipimo sawasawa. Katika ya tatu kitambaa hufika kiwandani kikiwa kimekwisha kunyweshwa gundi, kikaokwa katika tanuri lenye shinikizo mara kadhaa ya hewa tuivutayo. Wajapani, ambao magari yao yamejaa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, hugawanya kazi yote mafungu mawili tu, kaboni ya majimaji na kaboni kavu, nao hawakosei, kwani gundi ikizidi ndiyo inayoongeza uzito bila kuongeza nguvu.

Mizani basi ni shahidi wa kwanza. Maji yakihesabiwa kuwa 1, chuma ni karibu 7.8, alumini 2.7, na kaboni iliyoshikwa na epoksi takriban 1.6, kwa hiyo boneti ya kaboni isiyokuwa nyepesi kwa dhahiri kuliko ile ya chuma iliyotolewa garini ina siri, na siri yenyewe karibu kila mara ni tabaka moja la kaboni kwa ajili ya macho, na chini yake matabaka mengi ya nyuzi za kioo. Simwiti mwenye kuunda hivyo mwizi, madhali ameisema kazi yake kwa jina lake. Namwita mwizi anapoiuza kama kaboni tupu.

Uso wa juu usikushughulishe sana. Tazama tu kama mistari ya mshazari imenyooka kutoka pua hadi kioo cha mbele, kama nusu ya kulia inaijibu nusu ya kushoto pasipo kupindika kwenye pembe, na kama mwanga ukipita juu yake kwa kuinama hauonyeshi vitobo vidogo vya hewa au alama ya kitambaa iliyojichora kwenye vanishi. Alama hiyo ni habari mbaya. Maana gundi iliyokauka kwa joto la karakana, bila ya kupikwa baadaye, aghalabu huanza kulegea kati ya digrii 60 na 80 za Selsiasi, joto ambalo boneti nyeusi iliyosimama juani na injini ya moto chini yake hulikaribia bila taabu. Na vanishi isiyozuia miali ya jua huiacha epoksi igeuke manjano. Lakini yote haya ni mambo ya urembo, na mrembaji hodari huweza kuyaficha kwa muda wa dhamana.

Mnunuzi wa kofia ya vito huigeuza ndani nje kabla ya kutaja bei, na boneti nayo sharti igeuzwe. Huko chini ndiko fundi alikofanya kazi akiamini kwamba hakuna atakayetazama. Fremu ya ndani imegandishwa kwa ukanda wa gundi usiokatika, au kwa matone yaliyorushwa hapa na pale? Gonga kwa sarafu polepole kutoka pembe hadi pembe, usikilize. Mlio mkali ulio sawa ni afya, na pale mlio unapofifia ghafula pana tabaka lililoachana na mwenziwe. Kisha peleka mkono kwenye bawaba. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini au chuma penye unyevu huifanya metali hiyo iliwe na kutu kwa kasi. Fundi aliyehitimu huweka tabaka la kioo baina yao na kuzamisha kipande cha metali kilichokingwa mahali pa kila bolti, ilhali fundi wa haraka hutoboa tundu na kukaza. Katika pwani yetu yenye chumvi hewani, tofauti hiyo haichelewi kujidhihirisha.

Komeo nalo lina sheria yake. Marekani, ambayo kwa mambo mengi ya vipuri ni nchi ya ruhusa kuliko Ujerumani, ina kanuni ya usalama nambari 113 inayotaka boneti ifungukayo kwa mbele, ambayo ikiinuka humziba dereva macho, iwe na mshiko wa pili utakaoikamata ule wa kwanza ukiachia. Wapenda mashindano huuondoa mshiko huo wakaweka pini mbili juu, na pini hizo zaweza kuwa imara kweli. Ila pini iliyowekwa kwenye tundu lisilo na kikombe cha metali huila kaboni kidogo kidogo kwa mtikisiko, hata siku upepo utakapoingia chini ya boneti pasiwe na la kuizuia.

Sasa kingo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 26, ambayo mataifa mengi ya Ulaya huifuata, inahusu vile vitu vya nje ya gari vinavyoweza kumkwaruza au kumkata mtu, na kipimo chake ni cha busara: huchukuliwa tufe lenye kipenyo cha milimita 100, na kila sehemu ambayo tufe hilo laweza kuigusa, ikiwa imetokeza, haina ruhusa ya kuwa na ukingo wenye nusukipenyo pungufu ya milimita 2.5, isipokuwa imetokeza kidogo mno au ni ya kitu laini kama mpira. Kaboni si laini. Ukingo wa kaboni uliokatwa kwa msumeno na kuachwa hivyo ni wembe, na nyuzi zake zikitoka huchoma ngozi zikavunjikia ndani. Pitisha kidole, kwa hadhari, chini ya bampa ya kaboni ya bei nafuu, utaujua moyo wa aliyeiunda; mwenye kazi yake huukunja ukingo ndani ya kalibu yenyewe, jambo linalohitaji kalibu ya vipande viwili na subira ya kuitenganisha, ndiyo maana wengi hulikwepa.

Swali lililo zito kuliko yote ni hili: kipande hiki kitavunjikaje? Chuma hukunjana. Kaboni haikunjani; hushikilia mpaka kikomo chake, kisha hupasuka, na kama matabaka hayakupangwa kwa tadbiri hutoa vibanzi virefu vyenye ncha. Tangu McLaren walipoleta bodi ya kaboni katika mashindano ya Formula One mwaka 1981, watazamaji wameuona upasukaji huo ukiokoa maisha ya madereva, kwa sababu vipande vinavyoruka huichukua nguvu ya kishindo. Lakini uwanja wa mashindano hauna mtoto anayevuka njia. Ulaya hujaribu boneti za magari mapya kwa kuzirushia vichwa vya bandia, cha kilo 3.5 kwa mfano wa mtoto na cha kilo 4.5 kwa mtu mzima, kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa, na boneti ya asili imechorwa ili ibonyee kwa kipimo kabla kichwa hakijaifikia injini. Aliyeinakili kwa kalibu amenakili umbo la nje. Kubonyea hakunakiliki hivyo. Ndiyo maana mkaguzi wa Kijerumani huuliza kipande kitavunjikaje, na kama kitatoa vibanzi.

Ukaguzi huo una nasaba ya ajabu kidogo. Mwaka 1865 boila la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha bia mjini Mannheim, na mwaka uliofuata wenye maboila wa hapo wakaunda chama cha kuyakagua; kutokana na vyama vya namna hiyo ndipo yalipozaliwa mashirika ya TÜV, ambayo leo, pamoja na DEKRA na wengineo, huyapima magari. Sheria ya magari ya Ujerumani, ile iitwayo StVZO, inasema katika kifungu cha 19 kwamba ruhusa ya gari hubatilika likibadilishwa hata likawa aina nyingine, au mabadiliko yakitarajiwa kuwahatarisha watu, au yakiharibu moshi na sauti yake. Njia za kuepuka ubatilifu huo ni chache. Kuna ruhusa ya jumla ya kipande, ABE, itolewayo na KBA, idara ya serikali ya magari iliyoko Flensburg, na rakamu yake huwa imetiwa katika kipande chenyewe. Kuna ripoti ya Teilegutachten, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa njia ya kawaida, nayo hutaka gari lipelekwe kwa mkaguzi mara tu baada ya kipande kufungwa. Na kuna kifungu cha 21, cha mtaalamu kulipima gari moja peke yake.

Hapa ndipo wauzaji wanapocheza. Tangazo litasema boneti "ina hati", na hati ikifika huonekana kuwa Materialgutachten, yaani ushahidi kwamba gundi na kitambaa vilijaribiwa vikaonekana vina nguvu kiasi fulani. Karatasi hiyo haisemi lolote juu ya bawaba, komeo wala ukingo wa boneti yako. Yaweza kumsaidia mtaalamu wa kifungu cha 21, naye ana hiari ya kukataa. Soma basi kama hati inalitaja gari lako kwa aina yake, na kama alama iliyoandikwa humo ipo katika kipande, imezamishwa ndani ya gundi, wala si stika iliyobandikwa jana.

Paa na milango ni mlango mwingine kabisa. BMW ilipotoa M3 CSL mwaka 2003 yenye paa la kaboni, paa hilo lilikuwa halali kwa kuwa gari zima liliidhinishwa nalo. Fundi wa karakana anayekata paa la chuma na kugandisha la kaboni ameondoa nguzo ya gari na kuweka badala yake kitu ambacho hakuna aliyekipima. Mlango wa kaboni usio na ule mhimili wa chuma wa kukinga ubavu, hata ukifumwa kwa uzuri wa namna gani, ni wa uwanjani.

Ama gari lililotumika likishushwa bandarini kwetu na boneti ya kaboni tayari juu yake, kwa kawaida hakuna karatasi itakayokuambia kitu, na kilichobaki ni sarafu, kidole na kuinama chini ya boneti penye mwanga. Fauka ya hayo, muulize muuzaji kama boneti ya chuma ya asili imekuja pamoja na gari. Ikiwa haikuja, toa gharama yake katika bei kabla ya kupeana mikono.