Siku Tatu Zilizomezwa: Safari ya Shaka hadi Pate katika Utendi wa Fumo Liyongo

Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa kwa mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, mna beti chache ambazo msomaji huzipita haraka ili ayafikie makubwa yanayofuata: gereza, tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na sindano ya shaba. Wagala wamefika Pate kwa biashara. Sultani anawasimulia sifa za Liyongo. Wageni wanataka kumwona kwa macho. Barua inapelekwa Shaka. Utendi unatamka kwamba safari ya Shaka hadi Pate humchukua mtu hodari siku nne. Liyongo anafika siku ile ile aliyoondoka. Siku tatu zimemezwa, na pamoja nazo umemezwa mwanzo wote wa safari: kuaga, kupakia, kungoja upepo, usiku wa kwanza nje ya nyumbani.

Usomaji uliozoeleka hulitaja jambo hili kuwa ni chuku ya kishujaa, kisha ukasonga mbele. Ni chuku, bila shaka. Lakini chuku haimshtui msikilizaji asiyejua kipimo cha kawaida, na kipimo hicho ndicho ambacho utendi haukujishughulisha kukieleza. Pate ni kisiwa. Hata tukikubali kwamba shujaa alikwenda kwa miguu, mahali fulani alilazimika kuvuka maji. Na mtunzi, ambaye ni mtu wa Lamu na kwa hiyo ni mtu wa kisiwani, hakutaja jahazi, mtepe wala mtumbwi. Kimya hiki si upungufu wa maarifa. Hadhira yake ilizijua siku nne hizo kama ilivyozijua nyumba zake.

Ilijua, kwa mfano, kwamba anayeondoka upande wa Kipini akielekea kaskazini hubebwa na kusi, na kwamba msimu wa kaskazi humpinga usoni. Ilijua kwamba chombo hakitoki mlangoni mwa mto kabla maji hayajajaa, na kwamba Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, nao hudai maji yake. Hata bandari ya Pate yenyewe haifikiki vyema maji yakiwa yamekupwa. Safari ya namna hii huanza kwa kungoja, na sehemu kubwa ya siku zake za mwanzo ni kungoja. Nguvu za mwili hazimsaidii baharia aliyekwama juu ya fungu. Basi Liyongo anapofika jioni ya siku ile ile, hajawashinda wanaume wenzake tu katika kutembea. Ameyashinda maji kujaa na kupwa, jambo ambalo msikilizaji wa Lamu angelicheka kwa furaha na msomaji wa bara asilione kabisa.

Msomaji wa leo, hasa mwanafunzi anayefika Lamu kwa barabara, huukuta Mto Tana kwanza pale Garsen. Zamani alivushwa kwa kivuko. Sasa hupita juu ya daraja, akashika njia ya Witu. Ni rahisi kwake kuuchukua mto huo aliouona na kuupeleka moja kwa moja kwa Liyongo, akamwita shujaa wa Tana. Hapa ramani inamdanganya. Tana kutokea baharini Kipini ni jambo la karibuni: katika karne ya 19, zama za utawala wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha Tana na Ozi, na mto mkubwa ukaifuata njia hiyo mpya. Kabla ya hapo Ozi ulikuwa mto wake mwenyewe, mfupi, na Tana ulikuwa na mlango mwingine kusini zaidi. Magofu ya Shaka, na yale ya Ungwana ambayo James Kirkman aliyachimbua katika miaka ya 1950, yanaelekea ghuba, si Garsen. Anayemsoma Liyongo kutoka daraja la Garsen humwona mtu wa bara mwenye upinde. Anayemsoma kutoka mlango wa Ozi humwona mtu wa pwani ambaye utendi, kwa sababu zake, umemvua chombo.

Je, umemvua kweli? Mara baada ya kufika, Liyongo anapuliza panda hadi linapasuka, kisha anaushusha mkoba wake na kuumimina mbele ya watu: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu visivyo vidogo, na mafiga. Wengi huona hapa ushahidi mwingine wa nguvu, uzito juu ya uzito. Lakini vitu hivi si silaha wala si mizigo ya kujaribia misuli. Ni jiko. Ni vyombo ambavyo kundi la wasafiri hugawana kuvichukua, wakavitumia kila jioni wanapopiga kambi au kutia nanga. Siku tatu zilizomezwa zinarudi hapa, zimegeuzwa kuwa vitu: masurufu ya safari ndefu mikononi mwa mtu ambaye hakulala njiani hata usiku mmoja. Wagala, ambao nao walivuka maji ili wafike Pate na utendi haukusema kwa chombo cha nani, wanaviona vikitolewa kimoja kimoja, kisha wanaomba wapewe mbegu yake.