Jiko Linalokula Mkaa: Lugha na Kipimo katika Tasnifu za Uhandisi wa Nishati ya Nyumbani

Mnunuzi wa jiko la mkaa, awe Nairobi au Dar es Salaam, hutaka kujua jambo moja: je, jiko hili linakula mkaa? Mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi anayelichunguza jiko lilo hilo huuliza swali lingine: ufanisi wake wa joto ni asilimia ngapi? Maswali hayo huchukuliwa kuwa ni moja, la kwanza likiwa la mtaani na la pili la kisayansi. Makala haya yanadai kwamba si moja, na kwamba lugha ya tasnifu imechangia kuificha tofauti yake.

Jiko la kauri la Kenya ni mfano unaofaa. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuunganisha jiko la bati lililozoeleka na wazo lililotoka Thailand la kuweka kauri ndani. Kauri huzuia joto lisipotee ubavuni, bati huishikilia kauri, na mlango mdogo wa chini humwezesha mpishi kuongeza au kupunguza hewa. Walioliunda na kulisambaza ni wafinyanzi na mafundi wa jua kali, ambao wengi wao huzungumzia udongo, bati, masizi na majivu kwa Kiswahili. Tasnifu za uhandisi katika vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania na Uganda, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza.

Hasara yake haiishii kwenye tafsiri. Kipimo kinachotumika sana katika utafiti wa majiko ni jaribio la kuchemsha maji. Humo, ufanisi wa joto hupatikana kwa kugawanya joto lililoingia kwenye maji kwa nishati ya mkaa uliotumika, na joto linalogeuza maji kuwa mvuke huhesabiwa kuwa limefaa. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 za Selsiasi huhitaji takriban kilojuli 314. Kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2,260 zaidi, yaani mara saba. Kwa hiyo, jiko linalotokosa maji kwa fujo huweza kupata alama nzuri kwa sababu ya mvuke ambao mpishi wa maharage hauhitaji. Yeye hufunika sufuria, hupunguza hewa na kuuacha moto uwe mdogo. Kwake, mvuke huo ni mkaa ulioliwa bure.

Hapa ndipo istilahi inapostahili kuhakikiwa. Katika matumizi ya kawaida, ufanisi ni mafanikio. Kitu chenye ufanisi ni kizuri. Neno hilo linapopewa asilimia, huibebesha namba sifa ambayo hesabu yenyewe haikuithibitisha. Kwa upande mwingine, “kula mkaa” huonekana kuwa tamathali tu, ilhali imebeba kipimo kamili: kiasi cha mkaa kilichotumika mpaka chakula kikaiva. Wahandisi wanacho kipimo kinachokaribiana nacho, yaani kiasi cha mkaa kwa kila lita ya maji. Tatizo huanza pale hitimisho linapokiacha nyuma na kutanguliza asilimia.

Wataalamu wa Kiswahili nao hawawezi kujivua lawama. Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kisingizio kwamba maneno hayapo kimekuwa dhaifu. Lakini kuorodhesha visawe ni nusu ya kazi. Kisawe hurithi mipaka ya istilahi ya Kiingereza. Hakiulizi kama fundi au mpishi tayari analo neno linalopima jambo lingine, pengine lenye manufaa zaidi kwake.

Yapo madai kwamba Kiswahili kingeitenga tasnifu na wasomaji wa kimataifa. Hoja hiyo ina uzito, wala haihitaji kupingwa. Sura moja fupi ya Kiswahili ndani ya tasnifu ya Kiingereza haimtengi yeyote. Isomwe mbele ya fundi aliyelifinyanga jiko na mpishi aliyelitumia, nao waulizwe kama matokeo yanajibu swali lao. Wakisema hayajibu, huenda kasoro iko kwenye kipimo, nayo irekebishwe kabla ya tasnifu kufikishwa kwa watahini.