Jina la mwisho lisipotee: kuikata orodha ukurasa kwa ukurasa

Mombo, kwenye njia panda ya kupandia Soni na Lushoto, kuna mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na maji ya mto Soni. Katika kilimo cha mifereji, maji huenda kwa zamu. Kwa mwenye jaruba la mkiani mwa mfereji, zamu njema ni ile inayomfikia na yeye.

Nilimkumbuka mkulima huyo nilipoandika klasi ndogo ya Java ya kuigawa orodha katika kurasa, ili simu ya bei nafuu isipakie majina yote kwa mkupuo. Tuseme majina ni 217, na kila ukurasa unabeba 20.

Kwanza, kurasa ni ngapi? 217 kwa 20 ni 10, baki 17. Java ikigawanya namba kamili hulitupa baki. Inajibu 10, na watu 17 wa mwisho hawaonekani popote. Wengi hutibu kwa kuongeza 1 kwenye jibu. Hapa dawa inafaa, lakini majina yakiwa 200 kamili inazaa ukurasa wa 11 usio na mtu. Salama ni kuongeza 19, yaani ukubwa wa ukurasa kasoro 1, kabla ya kugawanya. 236 kwa 20 inatoa 11, 219 kwa 20 inatoa 10, na orodha tupu inatoa 0.

Pili, ukurasa uishie wapi? Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, hivyo ukurasa wa 11 unaanzia 200. Ukijumlisha 20 unafika 220, wakati orodha imekoma 217, na programu inaanguka. Kwa hiyo mwisho uwe namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Kukata kwenyewe nimeiachia subList ya Java. Hiyo hainakili majina, inafungua dirisha tu juu ya orodha ileile. Jina likiongezwa au kufutwa kwenye orodha mama, dirisha la zamani halisomeki tena. Ndiyo maana klasi yangu inarudisha nakala ya ukurasa.

Tatu, mpangilio. Kwenye milima ya Usambara, iliko Lushoto, majina ya ukoo yanayoanza na She- ni mengi, na watu wawili kufanana majina si ajabu. Orodha ikitoka kwenye kanzidata inayopanga kwa jina peke yake, wawili hao wanaweza kubadilishana nafasi kati ya ombi moja na jingine. Mmoja atatokea kurasa mbili, mwenzake asionekane kabisa. Panga kwa jina, kisha kwa namba ya usajili.

Ukiandika klasi yako, ijaribu kwa majina 0, 1, 20, 21, 200 na 217. Kisha fungua ukurasa wa mwisho umtafute mtu wa mwisho. Asipokuwepo, kazi bado haijaisha.