Gramu 20 Kiganjani

Kabla jua halijachomoza kando ya Ewaso Nyiro, Isiolo, mvisha pete wa ndege ameshafungua nyavu chini ya migunga. Ni nyeusi, nyembamba kama utando wa buibui. Ndege akizigonga huteremkia kwenye mfuko wa wavu na kulala humo.

Wa kwanza kunasa ni kweleakwelea dume, mdomo mwekundu. Mpiga picha anamsogelea polepole, anasimamisha kitambaa cheupe nyuma ya wavu na kutega flashi. Mmarekani Todd Forsgren alijulikana kwa picha za namna hii, ndege wakiwa bado wavuni. Mbili tatu zinatosha, kisha mpiga picha wetu anapisha.

Sasa ni zamu ya mikono ya mvisha pete, na hapa ndipo ninapoduwaa. Kwanza anachunguza ndege aliingilia upande gani, kwani atatolewa kwa njia hiyo hiyo. Anakomboa miguu, uzi mmoja mmoja, kisha mabawa, mwisho kichwa. Uzi uliozama kwapani anauinua kwa ncha ya kijiti. Havuti hata mara moja. Shingo inakaa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo unalala kiganjani. Ndege ameshikwa, hajabanwa.

Pete ya alumini anaikaza kwa koleo lake maalumu, kisha anaizungusha mguuni kuhakikisha inacheza. Anapima bawa kwa rula. Anapuliza manyoya ya kifua ayaone mafuta chini ya ngozi. Mizani inasema gramu 20.

Kweleakwelea hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na husafiri kwa makundi makubwa mno. Mwea, wakulima wa mpunga hushinda mashambani wakimfukuza. Mapema 2023 serikali ilimpulizia sumu ya fenthion huko Kisumu, sumu inayoweza kuua hata mwewe na bundi wanaokula mizoga yake.

Huku Isiolo, picha nyingine inapigwa ndege akiwa mkononi, na mpiga picha haviondoi pichani vidole vya mvisha pete. Namuunga mkono. Bila vidole hivyo tungejifanya hatukuwepo.

Ndege anaachiliwa. Nyavu zinakaguliwa tena na tena, bila kusubiri chai. Joto la Isiolo likipanda, mvisha pete anazifunga zote, hata kama ndege bado wanakuja.