Maumivu ya Nyongo: Damu Inasema Nini, Dozi Inasema Nini

Septemba 1985, mjini Böblingen, Ujerumani, daktari Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo. Tangu njia hiyo ienee, wagonjwa hurudi nyumbani mapema zaidi, lakini maumivu hayajakwisha. Wapo wanaoamka wakilalamikia hata bega, ambako kisu hakikufika. Ndiyo maana watafiti wanaipima damu: je, alama za msongo wa oksidi zinaweza kuonyesha nani atahitaji dawa zaidi?

Swali hilo linaanzia kwenye gesi. Ili daktari apate nafasi ya kufanyia kazi, tumbo hujazwa hewa ya ukaa hadi shinikizo la milimita 12 mpaka 15 za zebaki. Katika mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini, shinikizo la kawaida ni kati ya 5 na 10. Gesi inaulemea mshipa huo, na damu inayofika kwenye ini hupungua. Gesi ikitolewa, damu hurudi kwa nguvu, na oksijeni inayoingia nayo huzaa chembe huria zinazoshambulia mafuta ya kuta za seli; huo ndio msongo wa oksidi.

Mafuta hayo yakivunjika hutoa malondialdehaidi. Maabara huichanganya na asidi ya thiobabituriki, ikatoka rangi ya waridi inayosomwa kwenye nanomita 532. Kinga ya mwili dhidi ya chembe huria nayo hupimwa kupitia glutathioni. Tatizo ni kwamba asidi hiyo haichagui: aldehaidi nyingine huipa rangi pia, na chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuchukua damu, jibu hupotoka. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Damu ichukuliwe kabla ya usingizi, baada ya gesi kutoka, na saa 24 baadaye, kila mgonjwa alinganishwe na nafsi yake.

Kupima maumivu kunadai uangalifu uleule. Mgonjwa aliyepewa mofini nyingi anaweza kuyapa maumivu yake alama 3 kati ya 10, na asiyepewa kitu akataja 3 hiyohiyo. Namba hiyo haina maana mpaka ziandikwe miligramu alizopata na saa aliyoomba dawa kwa mara ya kwanza. Tena, pale ambapo dawa hutolewa na muuguzi, hesabu hiyo hupima pia wingi wa kazi wodini. Pampu ambayo mgonjwa huibonyeza mwenyewe hupunguza kasoro hiyo.

Tuseme malondialdehaidi na mofini vimepanda pamoja. Bado haijathibitika kwamba kimoja kimeleta kingine. Upasuaji mrefu, au nyongo iliyovimba, huweza kuvipandisha vyote viwili. Hata shinikizo la gesi likipunguzwa na vyote vikashuka, mashaka yanabaki, kwa sababu gesi pia hunyoosha kiwambo kati ya kifua na tumbo na kuisumbua neva ya freniki, inayotoka shingoni na kupeleka maumivu begani.

Msimamo wangu ni kwamba alama hizi zinatufundisha jinsi mwili unavyoumia, lakini hazifai kuamua nani apewe dawa. Hatua zenye faida zinajulikana: shinikizo dogo pale nafasi inaporuhusu, gesi itolewe yote, ganzi kwenye matundu, parasetamoli kwa ratiba, mofini iwe akiba. Kisha mgonjwa aulizwe kila baada ya muda uliopangwa, na jibu lake liandikwe karibu na dozi aliyopewa.