Mizani ya Msimuliaji Mwongo

Akaaye Morogoro mjini hujifunza mapema kusoma habari za mahali asipopaona. Kilele cha Lupanga kimefunikwa na wingu tangu alfajiri, barazani halijaanguka hata tone, na jirani aliyeteremka na mikungu yake ya ndizi anaapa kuwa huko juu hakukunyesha. Ila mto Morogoro unapita chini ya daraja ukiwa mwekundu kwa udongo wa Uluguru, na wafuao wanakusanya nguo zao kwa haraka. Hakuna haja ya kumkadhibisha jirani, maadamu maji yamekwisha kutoa ushahidi. Nami sijapata mizani bora kuliko hiyo ya kupimia riwaya au senema ambayo msimuliaji wake hana itibari: je, maneno yake yanashuka na udongo?

Kwa maana uongo peke yake si fani. Fani ni kumfanya mwongo atamke, kwa kinywa chake na bila ya kukusudia, lile litakalomhukumu, tena alitamke mapema, wakati msomaji angali anampenda. Kwa hiyo kitabu cha namna hii hakihukumiwi kwa kusomwa mara moja. Kimalize, kiweke siku kadhaa, kisha kirejee ilhali siri unaijua: sentensi ile ile ikibeba sasa maana mbili, umepata kazi ya ustadi, ikibeba moja tu, nayo ni ya uongo, umeghilibiwa na mwandishi mwenyewe. Daktari wa Agatha Christie katika *The Murder of Roger Ackroyd*, 1926, haandiki uongo. Anaziruka dakika chache tu. Alfred Hitchcock, katika *Stage Fright* ya 1950, aliiacha kamera ituonyeshe kwa macho jambo ambalo halikutokea, na watazamaji wengi waliona wamedhulumiwa. Nawaunga mkono.

Kwetu sisi, Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, 1960, aliuacha uongo vinywani mwa wengine, akamwachia Bwana Msa na kiko chake kazi ya kuupepeta. Ni burudani tamu, lakini taharuki yake ni ya fumbo, na fumbo likifumbuliwa limekwisha. *Kichwamaji* cha Euphrase Kezilahabi, 1974, kinakwenda mbali zaidi, ingawa wauza vitabu hawakiweki katika safu ya hadithi za kusisimua. Humo Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe. Anamchukia Manase kwa kumharibia dada yake Rukia, nasi twaona ana haki. Kisha anamwendea Sabina, dada yake Manase, moyoni akiwa na kisasi, na msomaji mwenye sikio anaanza kusikia mshtaki na mshtakiwa wakizungumza kwa sauti moja. Hatungojei kujua nani mkosa, bali twahofu saa ambayo Kazimoto atajitambua, kwa kuwa sisi tumetangulia kumtambua. Hiyo ndiyo taharuki ya daraja la juu: huzaliwa na kile tulichopewa, wala si kwa tulichofichwa.

Basi ukikipata kitabu hicho, kisome mara mbili, na safari ya pili usiharakie kifo cha Kazimoto. Tua kila anapomtaja Manase.